Majilio: maandalizi ya ndani yanafanywaje hasa?

Mkesha

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kila mwaka tunahubiriwa kwamba Majilio, zile wiki za kungoja Noeli, ni kipindi cha kuandaa moyo, si nyumba tu. Hakuna anayebisha. Lakini kuandaa moyo ni kufanya nini hasa, Jumatatu jioni, mtu akishatoka kazini amechoka? Mishumaa minne ya taji la Majilio ipo, rangi ya zambarau ipo, Yohane Mbatizaji analia jangwani, na yote hayo yanabaki palepale kanisani.

Naomba msaada kwa mambo haya: alama hizi zinamtaka mtu afanye nini ndani yake, utaratibu wa kila siku usiozidi robo saa, na kwa nini wengi huanza kwa moto kisha wakifika Dominika ya tatu wamezimika. Nitashukuru mkinijibu kwa vitendo, maana maneno matamu ninayo ya kutosha.

---

ZamuYaNne

Milele na milele, amina.

Nianze na kalenda, kwa sababu makosa mengi ya Majilio huanzia hapo. Kipindi huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, na huisha jioni ya tarehe 24 Desemba. Urefu wake haulingani. Mwaka 2022 kilikuwa na siku 28, mwaka 2023 siku 22 tu, kwani Dominika ya nne iliangukia tarehe 24 yenyewe. Mwaka 2026 kinaanza tarehe 29 Novemba na kina siku 26. Anayepanga "wiki nne kamili" hujikuta wiki ya mwisho imekatwa, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Halafu kipindi kimegawanyika mara mbili, jambo ambalo wengi hawalioni. Dominika ya kwanza haina mtoto wala hori. Inasomwa Injili ya mwisho wa nyakati, kwa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, A, B na C: Mathayo 24 mwaka A, Marko 13 mwaka B, Luka 21 mwaka C, na agizo ni lilelile, kesheni. Masomo hugeukia Bethlehemu waziwazi tarehe 17 Desemba, unaposomwa ule ukoo mrefu wa Mathayo 1, majina juu ya majina. Ukianza nyimbo za Noeli tarehe 1 Desemba umeruka nusu nzima, nayo ndiyo inayouliza swali gumu: akija usiku huu, atakukuta unafanya nini?

Bernardo wa Clairvaux, abate Mfaransa (1090–1153), katika mahubiri yake ya Majilio, alihesabu ujio wa Bwana mara tatu. Wa kwanza ni katika mwili na udhaifu. Wa mwisho ni katika utukufu. Wa katikati umefichika, ni katika Roho na nguvu, na unatokea sasa ndani ya mtu. Ule wa kwanza ulishapita bila kutungoja, wa mwisho hatuujui siku. Maandalizi ya ndani unayoyauliza ni ya huu wa katikati. Ukiliweka hilo sawa, alama nyingine zote zinapata mahali pa kukaa.

Neno lenyewe lina picha. Kilatini *adventus* kilitumika kwa mtawala anapoingia mjini rasmi: barabara inatengenezwa, malango yanafunguliwa, watu wanatoka kumlaki. Kiswahili kimekwenda hatua moja mbele. Majilio ni kujilia, na kujilia si kuja tu bali ni kumjia mtu. Kwa hiyo swali la kila jioni ni: amenijia leo kupitia nani, na nilikuwa wapi?

---

Utambi

Nachukua kipande cha robo saa. Mimi nasema dakika kumi, na zikizidi kumi na tano wiki ya kwanza ujue wiki ya tatu hutakuwepo.

Zima taa kwanza. Kaa gizani dakika mbili kabla ya kuwasha chochote, bila kusema neno. Watu huwasha mshumaa huku taa ya umeme inawaka, na hapo alama imekufa mikononi mwao, kwa sababu mwanga mdogo hauonekani mbele ya mwanga mkubwa. Giza hilo ndilo nusu ya sala. Kisha washa mshumaa wa wiki, au mishumaa, soma Injili ya siku polepole mara mbili, ya pili kwa sauti. Acha somo la kwanza na zaburi, utavisikia Misani. Shika neno moja lililokukwaruza, hata kama hulipendi. Nyamaza dakika tatu. Halafu jibu swali alilotoa ZamuYaNne na uchague tendo moja la kesho.

Tendo hilo liwe na mtu na saa. "Nitakuwa mvumilivu zaidi" ni hewa. "Kesho kabla ya saa nne nampigia simu yule niliyemkwepa wiki nzima" ni tendo. Likifanyika au lisipofanyika, kesho jioni utajua bila kujidanganya.

Dakika tatu za ukimya ndizo zinazowashinda watu. Sekunde ya ishirini tu, orodha ya shughuli inaanza kupita kichwani. Usishindane nayo. Weka karatasi na kalamu pembeni, andika neno moja la ile shughuli, rudi kwenye neno lako la Injili. Wa kuigwa hapa ni Zakaria wa Luka 1: alipigwa bubu hekaluni na akabaki hivyo mpaka mwanawe alipopewa jina, na alichohitaji kusema aliomba kibao akakiandika. Kinywa kilipofunguka, lililotoka ni sifa. Ukimya wa Majilio uko hivyo, unaanza kama kunyimwa kitu.

Sasa taji lenyewe, lile duara la majani lenye mishumaa minne, ambapo kila Dominika unaongezwa mmoja wa kuwashwa, maana nalo lina mambo yake. Liweke juu ya sinia la bati, si juu ya kitambaa. Kati ya majani na mwali pawe na vidole vitatu au zaidi. Majani mabichi hukauka ndani ya siku kumi hivi, na majani makavu chini ya moto hayahitaji maelezo. Yabadilishe kabla ya Dominika ya tatu. Kata utambi ubaki kama nusu sentimita kila unapowasha, vinginevyo mwali unarefuka na kutoa masizi. Kuzima, tumia kifuniko kidogo cha bati, usipulize, nta hutapakaa mezani.

Na jambo ambalo watu hulilalamikia: mishumaa haiishi sawa. Lazima isiishe sawa! Kwa Majilio ya siku 26 kama ya 2026, ukiwasha dakika kumi kila jioni, wa kwanza utawaka dakika 260, wa pili 190, wa tatu 120, wa nne 50 tu. Usiibadilishe nafasi ili ilingane. Ile ngazi inayoonekana mkesha wa Noeli ndiyo kumbukumbu ya jioni zako, na ikiwa mishumaa yote bado mirefu, nayo ni habari.

---

Rubriki

Utambi kaeleza vizuri. Mimi nina marekebisho kwa wale wanaotaka kufundisha wengine.

Majina ya mishumaa (tumaini, amani, furaha, upendo) hayamo katika liturujia. Ni desturi ya watu, ndiyo maana mpangilio hutofautiana: wengine huita ule wa pili wa Bethlehemu, wa tatu wa wachungaji, wa nne wa malaika. Hakuna aliyekosea, ila usimwambie mtu kwamba "Kanisa limeagiza". Taji lenyewe ni la juzi tu na lilianzia kwa Walutheri: Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Hamburg aliyelea watoto maskini, alilitengeneza mwaka 1839 kutoka gurudumu la mkokoteni, likiwa na mishumaa mikubwa minne ya Dominika na midogo ya siku za wiki. Watoto walikuwa wakimuuliza kila siku Noeli imebaki siku ngapi. Ni chombo cha kuhesabia kungoja, na kazi hiyo inafaa kubaki ya kwanza.

Rangi: zambarau, na Dominika ya tatu waridi kwa anayetaka. Baadhi ya Walutheri na Waanglikana hutumia buluu. Wengi hudhani zambarau inaifanya Majilio kuwa Kwaresima ndogo. Angalia kinachoimbwa: Utukufu kwa Mungu juu haupo Dominika za Majilio, kama Kwaresima; lakini Aleluya huimbwa Majilio, na wakati wa Kwaresima haiimbwi. Tofauti hiyo ndogo inasema yote. Utukufu ni wimbo wa malaika wa usiku wa Noeli, unangojwa ili usikike upya. Aleluya inabaki kwa sababu kungoja huku kuna furaha. Anayeingia Majilio kwa kujipiga kifua wiki nne amekosa nusu ya maana, na ndiye anayechoka mapema.

Kuhusu giza na mwanga, neno moja. Picha hii ilikomaa kaskazini ya dunia, ambako Desemba usiku ni mrefu kweli na jua linageuka tarehe 21 au 22. Karibu na ikweta mchana haubadiliki, na kusini ni kiangazi. Asiyeliona giza hilo dirishani asijisikie kapungukiwa. Zile dakika mbili za Utambi ndizo zinazolileta.

---

PalipoparuzaPasawazishwe

Nimesoma yote, naona kitubio hakijaguswa. Sauti ya nyikani katika Isaya 40 na Luka 3 imetoa vipimo vinne: mabonde yajazwe, milima ishushwe, palipopotoka panyoke, palipoparuza pasawazishwe. Ni lugha ya mjenzi wa barabara, na inafaa kuchunguza dhamiri kuliko orodha ndefu za dhambi zinazomfanya mtu atie alama tu.

Kaa dakika ishirini, mara moja, katikati ya wiki ya pili. Gawa karatasi sehemu nne, kila moja iwe na mistari miwili, si zaidi.

Bonde ni kilichokosekana: neno la shukrani lisilosemwa, mgonjwa asiyetembelewa, sala iliyoachwa. Dhambi za kutotenda hujificha hapa na ndizo nyingi. Mlima ni pale ninapolazimisha wengine wanizunguke: lazima nishauriwe, lazima nisemwe vizuri. Palipopotoka ni maelezo ninayoyatoa yasiyo uongo kamili wala ukweli kamili. Palipoparuza ni ukali, hasa kwa walio chini yangu wasioweza kunijibu.

Papa Gregori Mkuu (590–604) aliusoma mstari wa kwanza tofauti kidogo: kwake mabonde ni wanyenyekevu, wanaojazwa neema, na milima ni wenye kiburi. Usomaji wake ni mzuri, ila kwa karatasi hii napendelea bonde kama upungufu. Mtu aliyekata tamaa hahitaji kushushwa tena, anahitaji kujazwa. Wahubiri wengi hulisahau hilo, wanawashusha hata walio chini tayari.

Ukimaliza usiende moja kwa moja kwenye maungamo na karatasi nzima. Soma Luka 3:10–14 kwanza. Makutano, watoza ushuru na askari wote wanauliza swali moja: tufanye nini? Yohane hamwambii hata mmoja ahamie jangwani. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze kupita kiwango. Askari asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Kila mmoja amepewa sharti la mahali pake pa kazi. Kwa hiyo kwenye kila robo ya karatasi andika sharti moja la aina hiyo, la kwako, la mahali ulipo. Mengine muungamishie padre.

Kosa la kawaida: watu hungoja maungamo ya tarehe 23 au 24, foleni ndefu, padre kachoka, na wao wanatamka kwa haraka. Ukienda wiki ya pili au mwanzo wa ya tatu, zile siku nane za mwisho unazitumia kungoja badala ya kukimbizana.

---

Mkesha

Asanteni sana, haya yanashikika. Narudi na maswali mawili. Swali la Dominika ya tatu bado halijajibiwa vizuri: kwa nini pale hasa? Na kufunga, je? Wengine husema Majilio bila mfungo ni Majilio ya mdomoni.

---

ZamuYaNne

Ndugu Mkesha, Dominika ya tatu huangusha watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mahesabu tu: mtu alianza na mambo matano kwa pamoja, tafakari, novena, mfungo, kalenda ya watoto na mazoezi ya kwaya, na nguvu za wiki mbili zimekwisha. Dawa ni kuanza na jambo moja na kukataa la pili mpaka mwaka mwingine. Ukikosa jioni moja, usilipe deni kesho yake kwa kusoma mara mbili. Deni la sala huzaa riba mpaka mtu anaacha kabisa.

Ya pili ni ya ndani zaidi. Dominika hiyo inaitwa ya furaha, kutokana na Paulo kwa Wafilipi 4: furahini katika Bwana siku zote. Mtu anajitazama, haioni furaha, anasema basi haikufanya kazi. Lakini sikiliza Injili yake ya mwaka A, Mathayo 11. Yohane yupo gerezani na anatuma watu wamuulize Yesu: wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Aliyeandaa njia mwenyewe ana swali, na Kanisa limeliweka swali hilo katikati ya siku ya waridi. Yesu hamjibu kwa hisia. Anawaambia wakamweleze waliyoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema.

Kwa hiyo wiki ya tatu badilisha zoezi. Badala ya kuuliza "najisikiaje?", andika kila jioni kitu kimoja ulichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio: mtu kasamehe, mgonjwa kanyanyuka, mtoto kauliza swali jema. Kimoja tu. Siku saba, mistari saba. Furaha ya Dominika ya tatu hujengwa kwa ushahidi, haipuliziwi.

---

Rubriki

La kufunga: Kanisa la Kirumi leo haliagizi mfungo wowote wa Majilio. Zamani ulikuwepo. Perpetuo, askofu wa Tours katika karne ya 5, aliagiza kufunga siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Waortodoksi bado wana siku 40, tarehe 15 Novemba hadi 24 Desemba kwa hesabu ya kalenda ya Kanisa lao, na Wakopti siku 43. Kwa hiyo aliye chini ya agizo alifuate, na asiye chini yake asimhukumu mwenzake.

Kwa asiyeagizwa, shauri langu ni kufunga kile kinachoua kungoja. Kwa wengi ni simu: nusu saa ya kwanza baada ya kuamka na nusu saa ya mwisho kabla ya kulala isiguswe. Mkono utaitafuta wenyewe mara nne au tano, na kila unapoitafuta hapo ndipo pa kusema "njoo, Bwana". Ukifunga chakula, kiasi kilichookolewa kiende kwa mtu siku hiyohiyo, kwa kanuni ya ile kanzu ya pili. Kikibaki mfukoni kimekuwa bajeti. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu mfungo wa chakula bila ushauri.

---

Mkesha

Swali la mwisho, nisije nikaonekana mkorofi. Aliyechelewa, akakumbuka tarehe 16 Desemba usiku, aache tu mpaka mwakani?

---

Utambi

Asiache. Huyo amefika mlangoni kwa wakati wake. Kuanzia tarehe 17 hadi 23, katika Masifu ya Jioni, antifona (sentensi fupi inayoimbwa kabla na baada) ya Wimbo wa Maria hubadilika kila siku, saba kwa jumla, na kila moja humwita Kristo kwa jina moja kisha huomba jambo moja. Achukue hizo tu, dakika tano kila jioni, bila taji wala karatasi.

Tarehe 17 ni Ee Hekima, inaomba tufundishwe njia ya busara. Tarehe 18 ni Ee Adonai, yaani Bwana, aliyemtokea Musa katika kijiti cha moto. Inaomba tukombolewe kwa mkono ulionyooshwa. Tarehe 19 Ee Shina la Yese: njoo utuokoe, usikawie. Tarehe 20 Ee Ufunguo wa Daudi: umtoe mfungwa gerezani. Tarehe 21 Ee Macheo: uwaangaze wakaao gizani na katika kivuli cha mauti. Tarehe 22 Ee Mfalme wa mataifa: umwokoe mwanadamu uliyemuumba kwa udongo. Tarehe 23 Ee Emanueli, na ombi limebaki fupi: njoo utuokoe.

Namna ya kuzisali: kabla ya kuitamka antifona, taja upungufu unaoendana na ombi lake. Tarehe 17, jambo moja ambalo sijui nilifanyeje. Tarehe 20, mlango mmoja nilioufunga mwenyewe na ufunguo siuoni. Tarehe 22, mtu mmoja niliyesahau kwamba ni udongo kama mimi. Halafu itamke antifona mara tatu polepole, nyamaza, maliza na Wimbo wa Maria.

Na kwa wapendao mafumbo: ukichukua herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini kuanzia la mwisho, Emmanuel, Rex, Oriens, Clavis, Radix, Adonai, Sapientia, unapata *ero cras*, yaani "kesho nitakuwepo". Linasomeka jioni ya tarehe 23 tu, herufi ya mwisho ikishapatikana. Kwa hiyo huyo wa tarehe 16 usiku hajakosa hata herufi moja. Kesho jioni aanze na Hekima.